Mshenga wa Sindre

Cyprian alipotaka kuoa, ukoo wetu ulitafuta mshenga, na kila aliyetajwa alikuwa na sababu. Mmoja alikuwa anaumwa mgongo. Mwingine alikuwa Masasi na hakutaka kurudi. Wa tatu aliwahi kugombana na marehemu kaka yangu, baba yake Cyprian, na alisema ugomvi huo kwake haujaisha. Nikabaki mie Albano, baba mdogo, fundi milango wa Chanika, mtu ambaye mteja akiniletea mbao mbovu namwambia mbao zako mbovu.

"Ba'mdogo," Cyprian aliniambia mchana wa Jumamosi ile, huku ananifunga tai ambayo sikuiomba, "leo nakuomba kitu kimoja tu. Usiseme ukweli."

"Niseme uongo?"

"Sijasema useme uongo. Nimesema usiseme ukweli. Kuna katikati pale."

"Katikati hapo hajawahi kufika," mke wangu akasema kutoka jikoni.

Cyprian hakucheka. Ni fundi AC, kijana mpole, na kwa miaka miwili alikuwa na mapenzi na Felicitas, binti wa Mzee Theonest wa Kinyerezi. Binti naye alikuwa anampenda. Kilichobaki ni wazazi. Mzee Theonest ni karani mstaafu, mkewe Anastasia ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, watu wa Bukoba, watu wa utaratibu. Kwao barua ya posa haifunguliwi mpaka baba na mama wote wawili waridhike na mshenga aliyeileta. Akimuudhi hata mmoja, bahasha inarudi kama ilivyokuja. Wakati wa dada yake Felicitas walirudisha bahasha mbili. Mshenga wa kwanza alichelewa. Wa pili aliwahi mno.

"Wakiirudisha hii," Cyprian alisema, "Felicitas kaniambia hatapigana nao. Atalia, lakini hatapigana."

Basi nikaelewa kilichokuwa mkononi mwangu.

Nikamchukua Nurdin awe mshenga wa pili. Nurdin ni jirani yangu, mtu wa Kilwa, muuza mabati, ana sauti nzito inayofaa kwa kazi hiyo. Kazi ya mshenga wa pili ni ndogo: wa kwanza akisema neno, wa pili anasema "kabisa."

Tulifika Kinyerezi saa kumi kasoro dakika kumi, muda ambao Cyprian aliupima kama dawa. Tulishangaa kukuta sebule imejaa. Mzee Theonest alikuwa upande mmoja wa chumba, Mwalimu Anastasia upande wa pili, mbali naye kabisa, na katikati wamekaa majirani watatu wanawake wenye vitenge. Viti vyote vilielekea kwenye TV. Felicitas hakuwepo, kwa kuwa binti anayeposwa haonekani, ila mlango wa koridoni ulikuwa wazi kiasi cha sikio.

Tukatoa shikamoo zetu, zikaitikiwa. Tukapewa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ambayo kwao ndiyo heshima ya kwanza ya mgeni. Nurdin alijaza kiganja kama anachukua karanga. Nikakohoa, nikaanza maneno niliyofundishwa.

"Wazee wetu, sie ni wapita njia. Katika kupita kwetu tukaona bustani, na ndani ya bustani hiyo..."

"Kabisa," Nurdin akasema, mapema kidogo.

"Mshenga." Mwalimu Anastasia aliinua mkono, na mimi nikanyamaza kama nina miaka minane. "Bustani itasubiri. Inaanza."

Iliyoanza ni tamthilia. Nilikuwa nimeisikia, nani hajaisikia. Ilirushwa kila Jumamosi saa kumi jioni, imetiwa sauti za Kiswahili, na ilihusu wanafunzi wa sekondari wa huko Oslo, Norwei. Tamthilia ninazozijua mie zina mtoto aliyebadilishwa hospitalini, pacha mwenye roho mbaya na mama mkwe mwenye sumu kwenye mkoba. Hii haikuwa na hata kimoja. Dakika tano za mwanzo binti mmoja anayeitwa Tuva alikaa jikoni kwao akala mkate wenye jibini ya rangi ya kahawia. Akamaliza. Akaosha kisu. Alikuwa na chunusi kidevuni na hakuna aliyejisumbua kuificha. Dirishani kulikuwa giza tupu, na Mzee Theonest akaninong'oneza kwamba kwao hiyo ni saa tisa mchana.

"Wazazi wake wako wapi?" nikamuuliza.

"Wamekwenda kwenye kibanda chao porini."

"Wamefukuzwa?"

"Hapana. Wanaendaga kupumzika. Hakina umeme wala maji ya bomba."

"Kwa hiari yao?"

"Kwa hiari yao, mshenga."

Mie nilikaa Chanika miaka saba bila umeme wala maji ya bomba, na sikuwahi kuambiwa kwamba nilikuwa napumzika.

Baadaye likaonekana basi. Wale wanafunzi walikuwa wamenunua basi zima, wakalipaka rangi, wakaweka spika kubwa ndani. Mlangoni pake msichana mmoja, Mathilde, alimvalisha Tuva skafu yake, na jirani akasema humwazima kila mara.

"Linakwenda wapi?" nikauliza.

"Haliendi popote," alijibu jirani mmoja. "Ni la kusherehekea kumaliza shule. Linazunguka tu na wao ndani."

"Abiria?"

"Hakuna abiria."

"Hata siku moja?"

"Mshenga, nyamaza," akasema Mwalimu.

Mwishoni Tuva akaingia chumbani, akakaa kitandani na soksi zake za sufi, akachukua simu. Sebule nzima ikaacha kutafuna. Aliiangalia ile simu bila kusema kitu, muda wa mtu kupiga misumari mitano. Kisha akaiweka chini. Muziki ukalia, majina yakapanda, kipindi kikaisha.

Majirani walipiga ukelele kama timu yao imefungwa dakika ya mwisho.

"Hajajibu!"

"Wiki ya tatu hii!"

"Mijitu mingine haina haya!"

Ndipo nikaelezwa. Tuva alimwandikia kijana anayeitwa Sindre maneno mawili: "Tunaweza kuongea?" Sindre aliyaona. Inaonyesha pale kwenye simu kwamba ameyaona. Hajajibu mpaka leo. Kesi nzima ndiyo hiyo. Hakuna aliyeuawa. Lakini nyumba ile ilikuwa imegawanyika, na nikaelewa kwa nini mume na mke wamekaa mbali.

"Kijana yuko ndani ya muda," alisema Mzee Theonest. "Barua ya ofisi hujibiwa ndani ya siku ishirini na moja. Sindre bado ana siku mbili."

"Yule si ofisi!" Mwalimu akamgeukia. "Yule ni mtoto kaulizwa swali. Kwangu mtoto akiulizwa na asijibu, anasimama pembeni anashika masikio."

"Anatafakari."

"Anatafakari nini siku kumi na tisa? Katiba?"

Jirani mmoja alinisogelea sikioni. "Hawali meza moja tangu wiki iliyopita. Mwalimu anapika, anaweka mezani, anatoka nje."

Kisha ikaja ile niliyokuwa naiogopa. Mwalimu Anastasia alikunja mikono akanitazama.

"Mshenga, wewe ni mtu mzima. Umeona. Nani ana makosa?"

Mzee naye akageuza kiti chake kuelekea kwangu. Nikahisi bahasha mfukoni. Nikisema Sindre ana makosa, baba ameudhika. Nikisema hana, mama ameudhika. Nikatafuta ile katikati ya Cyprian.

"Kwa kweli," nikasema, "kila mmoja ana... yaani ukiangalia upande huu, unaona. Na ukiangalia upande ule, pia unaona."

"Kabisa," Nurdin akasema.

"Unaona nini?" Mwalimu akauliza.

Nikatokwa jasho chini ya tai. Katikati ile haikuwa na kitu cha kushika.

"Mwalimu, mie tamthilia hii naiona leo mara ya kwanza," nikasema. "Lakini mkitaka ninavyoona, hakuna mwenye makosa pale. Wale watoto hawana mshenga."

Majirani wakageuka kunitazama.

"Binti kaandika mwenyewe, kijana kasoma mwenyewe, kaogopa mwenyewe, kanyamaza mwenyewe. Nani aende kuuliza? Baba yuko porini anapumzika gizani. Hapa kwetu siku ya tatu tu angetumwa mtu mzima akakae kwenye kochi la kina Sindre, asitoke mpaka apate jibu. Kule wana basi zima na hakuna wa kumtuma."

Mzee Theonest alivua miwani. Mwalimu Anastasia hakuvua kitu, ila alitabasamu kwa namna iliyonitisha.

"Vizuri," akasema. "Wewe si mshenga? Basi hapa ni kwa kina Tuva. Mwombee huyo Sindre, tukusikie."

"Mie?"

"Nani mwingine kaleta tai humu ndani?"

Majirani wakapiga makofi. Mzee Theonest akanyanyua kiti chake, akakivusha chumba kizima, akakiweka ubavuni mwa mkewe. "Baba yake Tuva hayupo," akasema. "Mimi nakaimu nafasi yake."

Nikaona ni mchezo. Nikaona pia kwamba mume na mke wamekaa pamoja kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita, na nikadhani hilo litaisaidia bahasha yangu. Nikasimama.

"Wazee wetu, sie ni wapita njia kutoka kwa kina Sindre..."

"Mmepita kwa basi gani, lile lisilo na abiria?" akauliza jirani.

"Tumetembea. Kijana wetu anaomba radhi kwa kuchelewa."

"Kijana wenu anafanya nini?" Mwalimu akauliza.

"Anasoma."

"Anasoma nini, kama hata jibu la maneno mawili hawezi kuandika?"

"Mwalimu, mtu asiyejali hafungui ujumbe. Huyu kafungua. Kaona uzito wake, mikono ikafa ganzi."

Nikasubiri "kabisa." Haikuja.

"Hapo mie sikubali," Nurdin akasema.

Nikamgeukia. "Nurdin, wewe uko upande wangu."

"Kwenye barua niko upande wako. Kwenye hili niko na Tuva. Mie na mke wangu tunaifuata tangu ya kwanza. Hujui alichomfanyia kwenye sherehe ya krismasi."

"Alimfanyia nini?"

"Aliondoka bila kuaga! Binti kavaa gauni, kasimama kwenye theluji!"

"Waitu!" Mwalimu akapiga paja, Kihaya kimemtoka. "Mwambie, kijana wa Kilwa, mwambie!"

Basi hapo nilipandwa. Siwezi kueleza vizuri. Mtu akinipinga kwenye kazi yangu, hata kazi niliyopewa dakika mbili zilizopita, mie sirudi nyuma.

"Sikilizeni," nikasema. "Huyu mtoto ana miaka kumi na saba. Hana ba'mdogo. Hana jirani, maana tumeona mtaa mzima hakuna mtu anayemsalimia mwenzake. Saa tisa mchana giza limeingia. Mkamwachie mtoto wa namna hiyo ajibu jambo la moyo kwa kidole gumba? Mie nina miaka arobaini na tisa, nimeoa miaka ishirini na tatu, na mpaka leo nikimkosea mke wangu natengeneza kwanza kabati zima ndipo nipate mdomo wa kusema samahani. Sindre si mbaya. Sindre amekosa mtu. Leo mtu huyo amempata, ni mie. Namwekea dhamana. Aibu yake iwe yangu."

Jirani wa katikati alikuwa anajifuta macho na kitenge. Mzee Theonest alimwangalia mkewe. Mwalimu akaangalia dari kidogo.

"Tumemkubali," akasema.

Vigelegele vikapigwa. Ndizi na nyama zikaletwa, na Mzee na Mwalimu wakala kutoka sahani moja, wakigombania mfupa. Nurdin alitoa msamaha kwa niaba ya Tuva, nikaupokea kwa niaba ya Sindre. Ilikuwa posa nzuri kuliko zote nilizowahi kuhudhuria.

Tukiwa tunaaga mlangoni, Nurdin akanigonga kiwiko. "Barua," akasema.

Nikaitoa haraka. Mwalimu Anastasia akaipokea kwa mikono miwili kwa heshima zote, akaenda akaiweka juu ya kabati la vyombo. Haikufunguliwa.

"Hii tutaitazama Jumamosi," akasema, na sasa hakuwa anacheka hata kidogo. "Leo umeweka dhamana ya kijana mmoja ndani ya nyumba hii. Tuone kwanza huyo anatuletea nini. Ndipo tutajua dhamana yako inafaa kwa huyu wa pili."

Cyprian alikuwa anatusubiri kituoni Chanika, amesimama, na nadhani hakuwa amekaa tangu saa tisa.

"Ba'mdogo, vipi?"

"Amekubaliwa."

Akanirukia akanikumbatia. Nikamwacha anikumbatie kidogo, kwa sababu nilijua haitadumu.

"Nani kasema ndiyo kwanza, mzee au mwalimu?" akauliza.

"Mwalimu. Ila hawakukukubali wewe. Wamemkubali Sindre."

Akaniachia. "Sindre ni nani?"

"Mnorwei," Nurdin akasema. "Mbwa mmoja hivi."

Ilibidi tumweleze mara tatu. Mara ya tatu alikaa chini palepale kituoni.

Jumatano alikuja karakana kwangu na simu mkononi, uso umemshuka. Ile tamthilia kwao kule ilikwisha miaka mingi iliyopita, na mwenye simu anaweza kutafuta akajua kinachokuja. Cyprian alitafuta. Akanionyesha picha. Ndani ya basi, chini ya zile spika, Sindre alikuwa anambusu msichana, na msichana mwenyewe hakuwa Tuva.

"Huyu si Mathilde?" nikauliza.

"Ndiye."

"Mathilde yule anayemwazimaga Tuva skafu?"

"Ba'mdogo, achana na skafu. Hii ni Jumamosi hii hii. Wataiona, watasema mshenga ndiye aliyetuletea huyu, barua yangu inarudi."

Nikaweka randa chini. Nakiri kwamba jambo la kwanza lililoniuma halikuwa barua. Nilimwekea yule mtoto dhamana mbele ya watu.

Nurdin aliitwa, tukafanya kikao kati ya maranda. Wazo lake lilikuwa rahisi: tusiseme kitu. Twende Jumamosi kama hatujui, na Sindre akionekana kwenye basi tushangae pamoja nao. Watatuonea huruma kwa kuwa na sie tumedanganywa.

"Hivi," akasema, akatoa macho, akafungua mdomo, akashika kifua.

"Umekuwa kama mtu kakanyaga msumari," nikamwambia.

"Nipeni siku mbili."

Alifanya mazoezi mpaka Ijumaa. Mkewe alimkuta anajishangaa kwenye kioo cha kabati akadhani ni presha.

Jumamosi tulifika saa kumi kasoro dakika kumi. Safari hii majirani walikuwa saba. Mzee na Mwalimu wamekaa kochi moja, na mbele kabisa wameniwekea kiti changu peke yangu, kiti cha mtu anayesubiri mwanawe apewe zawadi shuleni. Bahasha ilikuwa bado juu ya kabati. Niliiona, na nyuma yake, kwenye ufa wa mlango wa koridoni, nikaona kidole kimoja cha mguu chenye rangi nyekundu. Felicitas alikuwa amesimama pale.

"Mshenga wetu!" Mwalimu akanipokea. "Leo kijana wako anajibu. Nimeota."

Dakika kumi nzima za kukaa kwenye kiti kile. Majirani wananisalimia kama baba wa bwana harusi. Mmoja aliniuliza Sindre anakunywa chai ya rangi au ya maziwa. Saa ya ukutani ikafika kumi kamili, muziki ukaanza, nikasimama mbele ya TV.

"Toka, hatuoni!" wakapiga kelele.

"Ba'mdogo wa Sindre, kaa!"

"Wazee wangu," nikasema, "nimekuja kujiuzulu."

Nurdin akanivuta koti. Nikautoa mkono wake.

"Kijana niliyemwombea hapa ana msichana mwingine. Ni Mathilde. Mtamwona sasa hivi, ndani ya basi. Nimelijua hili Jumatano. Nilishauriwa ninyamaze nishangae na nyie. Siwezi. Mshenga akijua bwana harusi ana mtu pembeni, anakuja kusema kabla watu hawajaona wenyewe. Nimesema."

Nurdin, kwa mazoea ya siku mbili, akatoa macho, akafungua mdomo, akashika kifua.

Sijawahi kutukanwa na wanawake saba kwa mpigo. Hawakumtukana Sindre, walinitukana mie. Nimewaharibia! Wiki nzima wamesubiri! Mmoja alinirushia kahawa ya kutafuna, ikanipata sikioni. Mzee Theonest peke yake hakupiga kelele. Alikuwa amekaa kama mtu aliyeletewa faili likakutwa tupu.

"Kwa hiyo siku ishirini na moja zote zile..." akasema.

"Alikuwa anajibu barua nyingine, mzee."

"Nyamazeni wote," Mwalimu Anastasia akasema, na majirani saba wakanyamaza. TV iliendelea peke yake. Alinikazia macho. "Ulijua Jumatano."

"Ndiyo."

"Na ulijua barua yenu imesimama juu ya kichwa cha huyo Sindre."

"Nilijua."

"Na bado umekuja kusema."

"Mwalimu, tai hii ni ya kuazima. Mdomo ni wangu."

Akaguna. Akasimama, akaenda kwenye kabati, akarudi na bahasha. Akaishika mbele yangu bila kunipa. Hapo nilijua kwamba mkono ule ukinyooka tu, Cyprian amekwisha.

"Na huyu," akasema, akiipiga bahasha kwa kidole. "Fundi AC."

"Norwei angekufa njaa," Mzee akanong'ona.

"Huyu ana nini? Niambie kama ulivyoniambia la yule. Ana mtu pembeni?"

"Hana. Zamani alikuwa naye mmoja, wa Mwananyamala. Yule binti ndiye aliyemwacha. Cyprian alilia. Alilia, akamaliza ubwabwa wake, akaendelea kulia. Nilikuwepo."

"Anakunywa?"

"Soda. Nyingi mno."

"Kasoro yake basi ni ipi? Usiniambie hana."

Cyprian angekuwepo angenirukia mdomoni.

"Ananuna," nikasema.

Sebule ikavuta pumzi. Mwalimu akakaza macho. "Ananuna vipi?"

"Akiudhika hasemi. Mke wangu aliwahi kula paja la kuku alilojiwekea. Alinuna siku nne. Ukimuuliza anakuangalia tu."

"Siku nne! Huyo si Sindre mwingine?"

"Nne ndiyo nyingi kuliko zote, Mwalimu, sijawahi..."

"Kwangu ni mbili tu!" sauti ikatoka koridoni.

Watu wote wakageukia mlango. Kile kidole chenye rangi nyekundu kikarudi ndani haraka, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

"Felicitas," Mzee Theonest akasema polepole, "kumbe mmeshafikia kununiana?"

Kisha, kwa kuwa lililoharibika limeharibika, binti akajibu kutoka hukohuko. "Mara tatu, baba. Na siku ya pili anakujaga mwenyewe. Anakuja na chipsi mayai, anasema nimekosea, na kama ni mie nimekosea anasema umekosea lakini nimeleta chipsi."

Jirani wa kwanza alianza kucheka, akaambukiza wengine. Mwalimu alijaribu kukaza uso, akashindwa upande mmoja.

"Anakuja mwenyewe?" akaniuliza. "Hatumi ujumbe?"

"Simu yake haina salio siku zote," nikasema. "Lazima aje."

Mwalimu Anastasia alimpa mumewe bahasha. "Soma."

Mzee Theonest alivaa miwani, akaichana bahasha kwa kisu cha mezani, taratibu, kwa mstari ulionyooka. Akaanza kusoma kwa sauti, na viti vyote vikageuzwa kumwelekea yeye. Cyprian alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe, kurasa mbili, na kwenye ukurasa wa pili aliahidi kufunga AC katika vyumba vyote vya nyumba ile, na majirani wakashangilia. Nurdin alisema "kabisa" kila baada ya sentensi, na safari hii alizipatia zote.

Kwenye TV, nyuma yao, basi lilikuwa limesimama kando ya barabara kwenye theluji. Spika zilikuwa zinapiga. Sindre alikuwa ndani na Mathilde, kama nilivyosema. Halafu mlango wa basi ukafunguka, na pale chini alikuwa amesimama Tuva, na ile skafu ya Mathilde shingoni.

"Mshenga," Mwalimu akaniita. "Tumekubali. Umesikia?"

"Nimesikia, Mwalimu. Ahsanteni sana."

"Sasa zima hiyo TV, tukae tupange siku."

Nikashika rimoti. Sindre alikuwa ameshuka ngazi moja. Tuva alikuwa anafungua mdomo.

"Nipeni dakika moja," nikasema. "Mie huyu nataka nimsikie anajitetea vipi."